Sir John Herschel: Aliyezichora nebula za kusini kwa mkono, akaacha dawa ya kuzipiga picha

WAVUVI wa usipa wa mwambao wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay huingia ziwani na taa zao katika usiku usio na mwezi, kwa kuwa samaki hao wadogo huufuata mwanga pale giza linapokuwa limekolea.

Giza la namna hiyohiyo ndilo lililosakwa na mtu mmoja aliyeishi karibu karne mbili zilizopita, takriban kilomita 3,000 kusini-magharibi mwa Ziwa Nyasa. Ziwa hilo hakuwahi kuliona, lakini anga linalolifunika alilijua nyota kwa nyota.

Mtu huyo ni Sir John Herschel, mwanafalaki Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 1871. Katika miaka minne aliyokaa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, aliandika orodha ya kwanza ya kutegemewa ya nebula za anga la kusini, yaani yale mawingu hafifu ya mwanga yaonekanayo kati ya nyota.

Mvua zinapokatika Mbinga, kuanzia mwishoni mwa Mei, Msalaba wa Kusini husimama juu jioni upande wa kusini. Kando yake, katika kundi la nyota la Centaurus, kuna nukta ambayo macho matupu hayawezi kuiona. Kwa darubini ya wastani, nukta hiyo hugeuka kuwa kisahani kidogo cha rangi ya buluu. Herschel aliigundua mwaka 1834, na wanafalaki wa leo huijua kwa namba NGC 3918.

Vitu vya aina hiyo huitwa nebula za sayari. Jina hilo limewapotosha wengi, kwani nebula hizo hazina uhusiano wowote na sayari. Nyota iliyo mfano wa Jua inapozeeka huyatema matabaka yake ya nje, na kiini kilichobaki, chenye joto kali, huiangaza gesi hiyo inayozidi kutanuka. Baada ya makumi ya maelfu ya miaka gesi hutawanyika na nebula kutoweka, muda ambao kwa umri wa nyota ni kama kupepesa jicho. Jua nalo linatarajiwa kufikia uzee huo miaka takriban bilioni tano ijayo.

Aliyewapa jina hilo ni baba yake John, Sir William Herschel, katika miaka ya 1780. Yeye ndiye aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, na alipokutana na visahani vya mviringo vilivyopauka aliona vinafanana na sayari yake. Mwaka 1790 aliona nyota moja iliyozungukwa na ukungu wa mwanga, akaanza kuamini kwamba si kila nebula ni mkusanyiko wa nyota zilizo mbali. Hata hivyo, hakuwa na njia ya kulithibitisha hilo.

John alizaliwa Machi 7, 1792, katika mji mdogo wa Slough, magharibi mwa London. Alikulia katika nyumba ambayo uani kwake kulikuwa na darubini yenye bomba la urefu wa futi 40, iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani, na ambamo shangazi yake, Caroline, alikuwa mwanafalaki mwenye sifa zake mwenyewe. Mtoto wa nyumba kama hiyo angeweza kudhaniwa kwamba njia yake imekwisha kuchorwa.

Haikuwa hivyo. Alisoma hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge na kushika nafasi ya kwanza katika mtihani wa mwaka 1813. Alijaribu sheria, akaiacha. Moyo wake ulikuwa katika kemia na tabia za mwanga. Aliingia katika falaki mwaka 1816, pale baba yake alipokuwa akikaribia miaka 78 na nguvu zikimwishia, na kazi aliyoianza ikiwa haina mrithi. Kwa kutazama mwenendo wa maisha yake, ni vigumu kukwepa kuona kwamba darubini kwake ilikuwa kwanza deni la mwana kwa mzazi, na mapenzi yakafuata baadaye.

Wakati huo hakuiacha kemia. Mwaka 1819 aligundua kwamba chumvi moja, ambayo wanakemia wa leo huiita sodiamu thiosalfeti, huyeyusha chumvi za madini ya fedha ambazo maji peke yake hayaziwezi. Aliuchapisha ugunduzi huo, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyeona kazi ya chumvi hiyo, hata yeye mwenyewe. Ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu miaka 14 baadaye aliondoka kwenda Afrika akiwa na ufunguo huo kichwani bila ya kujua mlango wake uko wapi.

Baba yake alifariki dunia mwaka 1822. John alizipitia upya nebula za kaskazini zilizoorodheshwa na mzee huyo, na mwaka 1833 alichapisha orodha ya zaidi ya 2,300. Kilichobaki ni anga la kusini, ambalo halionekani kabisa kutoka Uingereza.

Kulikuwa na aliyemtangulia. James Dunlop, akiwa Parramatta nchini Australia, alikuwa amechapisha mwaka 1828 orodha ya vitu 629 vya anga hilo. Herschel alipokuja kuvitafuta baadaye akiwa Afrika, alivipata 211 tu. Vingine ama havikuwapo, ama viliandikwa mahali visipokuwapo. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo lililomwandama maisha yake yote: mtu mmoja ameona kitu usiku, peke yake, kwa jicho lake, kisha amekiandika. Je, mwenzake atajuaje kwamba kilikuwapo?

Herschel alisubiri hadi mama yake alipofariki dunia mwaka 1832 ndipo akaanza kufunga mizigo. Alilipa gharama zote kutoka mfukoni mwake. Novemba 13, 1833 aliondoka Portsmouth kwa meli ya Mountstuart Elphinstone akiwa na mkewe, Margaret, ambaye alimwoa mwaka 1829, na watoto watatu. Mmoja wao, William James, alikuwa hajatimiza mwaka mmoja; ndiye aliyekuja baadaye, akiwa mtawala wa kikoloni nchini India, kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia alama za vidole kumtambulisha mtu. Katika mizigo hiyo kulikuwa na darubini ya futi 20 na vioo vyake vitatu.

Waliwasili katikati ya Januari 1834 na kupanga makazi katika shamba la Feldhausen, chini ya Mlima Table. Wakati huo koloni hilo lilikuwa chini ya Uingereza na bado lilikuwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Desemba 1, 1834, Herschel akiwa hapohapo, ingawa waliotajwa kuwa huru walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana zao kwa miaka minne zaidi kwa jina la mafunzo ya kazi. Utulivu wa Feldhausen uliomwezesha bwana huyo kutazama juu usiku kucha ulikuwa katikati ya jamii ya namna hiyo.

Siku chache kabla yake alikuwa amewasili Thomas Maclear, mkuu mpya wa kituo cha kifalme cha uchunguzi wa nyota cha Rasi. Familia hizo mbili zikawa marafiki wa kudumu, na mwaka 1878 mtoto wa Maclear alimwoa Julia, binti wa Herschel.

Kupitia kwa Maclear, habari hii inagusa Ziwa Nyasa. Ndiye aliyemfundisha David Livingstone, mwaka 1852, namna ya kutumia nyota na mwezi kupima mahali alipo, na ndiye aliyepokea vipimo vyake na kuvikokotoa upya. Livingstone alilifikia ziwa Septemba 1859, na rasi moja ya kusini mwa ziwa, upande wa Malawi, inaitwa Cape Maclear hadi leo. Milima inayopanda kutoka kwenye maji upande wa mashariki, kaskazini mwa Mbinga, ikachukua jina la Livingstone mwenyewe.

Kazi ya Feldhausen haikuwa nyepesi. Kioo cha darubini yake, chenye upana wa sentimita zipatazo 47, hakikuwa cha kioo hasa, bali cha mchanganyiko wa shaba na bati uliong'arishwa. Hewa ya Rasi ilikifubaza upesi, na Herschel alilazimika kukishusha, kupachika kingine na kusugua kile cha kwanza upya. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, nyota zilitetemeka kama maji yanayochemka, na usiku huo ukawa umepotea.

Mwangalizi alisimama juu kwenye jukwaa la mbao, nje kabisa, huku fundi wake John Stone akiizungusha mitambo iliyopandisha na kushusha bomba. Darubini ilielekezwa mahali pamoja, na anga lenyewe likapita mbele yake kwa mzunguko wa Dunia. Kilichopita bila ya kuandikwa kilisubiri hadi usiku mwingine.

Aprili 1, 1834, kisahani cha mviringo, chenye kingo safi, kilipita mbele ya jicho lake katika kundi la nyota la Carina. Kilifanana mno na sayari kiasi kwamba Herschel alishuku huenda amepata sayari mpya, kama baba yake mwaka 1781. Kulikuwa na njia moja tu ya kujua. Sayari hutembea kati ya nyota, nebula haitembei. Alikirudia tena usiku uliofuata, akakikuta palepale.

Ilikuwa nebula ya sayari, ambayo leo ni NGC 2867. Mwanafalaki mwenye haraka ya umaarufu angetangaza kwanza na kuhakiki baadaye.

Machi 2, 1835 aliona nyingine, kubwa zaidi, katika kundi la nyota la Vela, ikiwa na nyota moja angavu katikati yake. Hiyo ni NGC 3132. Kutoka Mbinga hupanda hadi nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, katika jioni za Aprili na Mei, ikiwa mawingu ya masika yatairuhusu. Mkazi wa Umatengo, nyuzi 11 tu kusini mwa ikweta, ana bahati ambayo Herschel hakuwa nayo: huweza kuziona nebula za baba na za mwana bila ya kupanda meli.

Lakini kuona ni jambo moja, na kuhifadhi kilichoonekana ni jambo jingine. Mchana Herschel alichora mandhari na maua ya Rasi kwa msaada wa prizimu iliyofungwa kwenye mkono wa chuma, ambayo humwezesha mchoraji kuiona sura ya kitu ikiwa imelala juu ya karatasi. Yeye alichora mistari, Margaret akatia rangi. Picha zao za maua ni nzuri hadi leo.

Usiku kifaa hicho hakikumfaa. Kwa nebula, alianza kwa kupima nafasi za nyota moja moja, akaigawa karatasi katika pembetatu, kisha akajaza ukungu wa mwanga kipande kwa kipande, kwa usiku mwingi. Nebula kubwa inayoizunguka nyota ya Eta Argus, ambayo leo huitwa Eta Carinae, ilimchukua miezi, na ndani yake aliorodhesha nyota zaidi ya 1,200. Desemba 16, 1837 alipoitazama tena, Eta Argus yenyewe ilikuwa imewaka ghafla kupita nyota nyingi mashuhuri za angani. Alishtuka, na kwa haki.

Katika kipindi hicho jina lake lilikuwa limesambaa kwa sababu nyingine kabisa. Agosti 1835 gazeti la Sun la New York lilichapisha mfululizo wa habari kwamba Herschel, akiwa Rasi, ameona wanyama na watu wenye mabawa ya popo mwezini. Hakuna hata neno moja lililokuwa kweli, na mwenyewe alikuwa mbali mno kuweza kukanusha kwa wakati. Alicheka mwanzoni, maswali yalipozidi kumfuata, kicheko kikamwisha. Waandishi wa habari wana sababu ya kuikumbuka aibu hiyo.

Alirejea Uingereza mwaka 1838 na kupewa cheo cha baroneti. Orodha yake ya kusini ilikuwa na nebula na vishada vya nyota 1,707 pamoja na nyota pacha 2,102. Kuitayarisha kwa uchapishaji kulimchukua miaka tisa. Kitabu kilipotoka mwaka 1847, nakala ilimfikia shangazi Caroline huko Hanover, Ujerumani, miezi michache kabla ya kifo chake Januari 1848, akiwa na miaka 97.

Januari 1839 zilifika habari kwamba Louis Daguerre wa Ufaransa ameweza kunasa sura za vitu kwa nguvu ya mwanga. Rafiki yake Herschel, William Henry Fox Talbot, naye alikuwa na njia yake ya karatasi. Wote wawili walikuwa na tatizo moja: picha ikishatokea, chumvi za fedha zilizobaki huendelea kupata mwanga, na picha huharibika.

Herschel aliikumbuka chumvi yake ya mwaka 1819. Ndani ya siku chache alikuwa amepata picha yake mwenyewe, ameiosha kwa chumvi hiyo, na picha haikufutika tena. Talbot alipomtembelea Februari 1, alimweleza yote bila ya kuficha. Hakudai hataza wala malipo. Mafundi wa studio za zama za filamu, waliosafisha picha katika vyumba vya giza, waliijua dawa hiyo kwa jina la hipo. Neno la Kiingereza la upigaji picha lilienea kupitia kwake, na maneno negativu na pozitivu, kwa maana ya picha, ni yake pia.

Septemba 1839 alipiga picha ya darubini kuukuu ya baba yake juu ya kipande cha kioo. Mbao zake zilikuwa zimechakaa na ilikuwa karibu kubomolewa. Picha hiyo bado ipo, na inahesabiwa kuwa ya zamani kuliko zote zilizobaki juu ya kioo.

Nebula hakuipiga picha hata moja. Dawa za wakati huo zilikuwa nzito mno kunasa mwanga hafifu, na darubini yake haikuwa na mtambo wa kuifuata nyota kwa saa nzima bila ya kutikisika. Aliyekuwa na hipo mkononi na nebula 1,707 katika daftari alibaki na penseli.

Gharama yake ilionekana baadaye. Kuanzia mwaka 1863, Francis Abbott, mtengeneza saa wa Hobart nchini Australia, alidai kwamba nebula ya Eta Argus imebadilika sana ikilinganishwa na mchoro wa Rasi. Kama ni kweli, lilikuwa jambo kubwa: wingu la ukubwa usiosemeka limejikunja katika miaka 30. Kama si kweli, basi ama Abbott hakuona vizuri, ama mchoro wa miezi mingi ulikuwa na kasoro. Herschel, sasa mzee mwenye afya iliyoyumba tangu kazi ya kusimamia kiwanda cha sarafu cha serikali kati ya mwaka 1850 na 1855, alilazimika kuutetea mkono wake mwenyewe. Madai ya Abbott hayakuthibitika. Sahani moja ya picha ingeyamaliza siku ya kwanza.

Jambo moja aliliona kabla ya kufa. Agosti 29, 1864, William Huggins aliupitisha mwanga wa nebula ya sayari katika prizimu, akakuta mistari michache tu ya rangi badala ya upinde kamili. Ilikuwa gesi. Shaka ya William Herschel ya mwaka 1790 ikapata jibu, na mwanawe alikuwa hai kulisikia. Mwaka huohuo John alitoa orodha kuu ya nebula na vishada 5,079, ambayo ndiyo msingi wa namba za NGC zinazotumika leo.

Miaka mitatu baadaye Julia Margaret Cameron, aliyekuwa amefahamiana naye tangu siku za Rasi, alimpiga picha akiwa na nywele nyeupe zilizotimka na macho yaliyochoka. Herschel alifariki dunia Mei 11, 1871, na kuzikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, karibu na kaburi la Isaac Newton.

Septemba 30, 1880 Henry Draper wa Marekani alifanikiwa kupiga picha ya kwanza ya nebula, ile ya Orion. Mwaka 1886 Jenő Gothard wa Hungary aliinasa nyota iliyo katikati ya nebula ya sayari ya kundi la Lyra. Sahani zao zote ziliimarishwa kwa dawa ileile ya mwaka 1819.

Julai 12, 2022 nebula ya Vela aliyoiona Herschel kutoka Feldhausen ilikuwa miongoni mwa picha za kwanza kutolewa kwa umma za darubini ya anga ya James Webb. Katikati yake zinaonekana nyota mbili. Ile angavu, aliyoiandika Herschel katika daftari lake, siyo iliyoitema gesi hiyo. Iliyoitema ni ile hafifu iliyo ubavuni mwake, iliyofunikwa na vumbi, ambayo kioo chake cha shaba na bati kisingeweza kumwonyesha.